Passo ya cc 996 inakula mafuta kidogo, mbona mwisho wa mwezi dereva habaki na cha ziada?

#1 Mkazi wa Goba

Wakuu, salaam. Naomba tulichambue hili kwa namba.

Nina Toyota Passo ya 2008, injini cc 996, naiendesha mwenyewe teksi mtandao hapa Dar. Kaka yangu ana IST, ile ya umbo la kwanza, cc 1,298, na yeye yuko barabarani humo humo. Chukua siku ya kazi ya kilomita 120. Passo nikiipa kilomita 14 kwa lita, inachoma lita 8.6. IST tukiipa 11 kwa lita, inachoma 10.9. Petroli tuiweke 3,000 ili hesabu iwe nyepesi: tofauti ni kama elfu saba kwa siku. Kwa siku 26 za kazi inakuwa laki moja na themanini na ushee. Kwa mtu wa kipato changu hiyo ni kodi ya nyumba.

Sasa mwezi ukiisha tukikaa na madaftari yetu, kaka anabaki na hela ileile ninayobaki nayo mimi, na kuna miezi ananipita. Hakuna kati yetu anayepeleka hesabu kwa bosi, magari ni yetu. Hiyo laki na themanini nisiyoiacha sheli inaenda wapi?

Bado naamini vigari vidogo ndivyo vinavyofaa kwa teksi kwenye mji wenye foleni kama huu. Nisaidieni kuona tundu liko wapi.

#2 Hesabu Kali

Tundu ni nauli. Gari la cc ndogo mtandao unalisukumia daraja la bei nafuu, na abiria wa daraja hilo analipa pungufu kwa safari ileile. Tuseme pungufu ni 500 tu kwa tripu, na unapiga tripu 14. Elfu saba hiyo. Wala haijapotea, ipo kwa abiria.

Watu wanadhani gari lisilokula sana linamtajirisha dereva. Linashusha nauli tu, kwa sababu kila mwenye nalo anaweza kukubali bei ambayo mwenye gari kubwa ataikataa.

#3 Binti wa Salasala

Abiria mwenyewe ndiyo mimi. Siku za kazi naita daraja la chini kwa sababu niko peke yangu na mkoba, gari kubwa la nini? Ila nikienda stendi ya Magufuli na mabegi, Passo siiti hata kwa ofa. Buti lake ukiweka begi moja kubwa, la pili unalipakata.

#4 Mkazi wa Goba

@Hesabu Kali ingekuwa hivyo ningekubali nikalale. Ila mimi na kaka tuko daraja moja, mtandao uleule. Abiria akiita anaweza kuletewa IST au Passo, nauli haibadiliki. Hiyo 500 inatuuma wote wawili.

#5 Hesabu Kali

Basi jiulize nauli ya daraja hilo ilipangwa kwa kuangalia gari lipi. Gari linaloweza kuimudu, yaani lako. Kaka yako ndiye anayepaswa kuumia, na bado anakupita. Kwa hiyo una matundu mawili. La kwanza nimeshakuonyesha, la pili wasubiri mafundi.

#6 Fundi Shokapu

Nimesikia nikiitwa. Passo ya aina yako ina uzito wa kilo 900 hivi. Watu wazima watano, dereva akiwemo, ni kilo 350. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya gari lenyewe, na inabebwa na miguu iliyotengenezwa kwa lami ya Japani. Halafu unashuka nayo Goba ndani, Madale, Kinyerezi, barabara za makorongo. Nyingi za Passo za umri huo zinavaa rimu 13, IST inavaa 15. Tairi dogo linazama kwenye kila shimo ambalo tairi kubwa linalipita juu juu.

Bushi, boli jointi, tairodi, shokapu za mbele. Kila moja peke yake ni hela ndogo, ndiyo maana haikuumi ukiitoa. Daftari lako lina ukurasa wa spea, au lina ukurasa wa mafuta tu?

#7 Mkazi wa Goba

Lina kurasa zote, fundi. Kweli vya chini vinaisha mapema kuliko vya kaka. Lakini nikivijumlisha kwa mwaka havifiki laki na themanini kila mwezi. Labda robo yake. Robo tatu bado sijaziona.

#8 Mzee wa Tazara

Vijana mnagombana na mafuta na spea, wakati mimi naona kitu kingine. Hizo kilomita 120, zenye abiria ni ngapi?

Nimeendesha teksi za kijiweni miaka mingi kabla ya mitandao. Kijiweni ulikuwa unakaa, abiria anakuja, unampeleka, unarudi mtupu. Sasa hivi unamfuata abiria kilomita mbili umpeleke kilomita tatu. Petroli inaungua pande zote, hela inaingia upande mmoja. Na kigari kidogo kinavuta safari fupi, Sinza hadi Mwenge, Kijitonyama hadi Makumbusho. Mwenye buti la maana anakwenda kukaa karibu na uwanja wa ndege au stesheni ya SGR, kwa sababu anajua mtu wa mabegi hatamkataa. Huyo akipata tripu ya kwenda Tegeta amemaliza kazi ya asubuhi nzima.

Kwa hiyo daraja moja, ndiyo, lakini hamsubirii mahali pamoja. Rudini kwa yule binti wa #3, jibu kalitoa yeye.

#9 Binti wa Salasala

Shikamoo mzee. Umenielewa kuliko nilivyojielewa. Mwaka 2024 treni ilipoanza safari za Moro na Dodoma, nyumbani kwetu tuliacha kabisa kuita vigari vidogo siku za safari. Siku nyingine zote tunaviita.

#10 Mkenya wa Rongai

Hamjambo ndugu zetu. Nairobi tulipitia jambo hili wazi kabisa. Mwaka 2018 Uber walianzisha daraja la Chap Chap: Suzuki Alto mpya kabisa, cc 796, kwa mpango na CMC, kampuni ya kuuza magari, na benki ya Stanbic, dereva mwenye alama 4.6 kwenda juu anapata mkopo wa kununua. Bei ilikuwa chini ya lile daraja la kawaida. Abiria anayesafiri peke yake hakuwa na sababu ya kuita gari la cc 1,500 tena.

Sasa dereva wa Alto. Mafuta alikuwa anaokoa kweli, hilo halina ubishi. Lakini gari ni jipya na lina mkopo. Mafuta unalipa ukitembea. Mkopo unalipa hata ukilala mgonjwa. Na kwa nauli ya chini lazima utembee saa nyingi zaidi ili ufikie ile pesa ya benki. Binamu yangu alikuwa anatoka giza na kurudi giza.

Ninachotaka kusema ni kwamba @Hesabu Kali yuko karibu na ukweli, ila anasahau saa. Kigari kidogo kinakuwezesha kufanya kazi kwa bei ambayo itakubidi uifanyie kazi mchana na usiku.

#11 Kirikuu Moro

Alto ni cc 660 mkuu, siyo 796.

#12 Mkenya wa Rongai

Ya Japani ndiyo 660. Hizi zilitoka India, za Maruti, 796, silinda tatu.

#13 Kirikuu Moro

Sawa, ya India. Basi ngoja niwasemee za Japani maana hapa mnaziruka. Kule wana daraja la kisheria la vigari vidogo: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, upana 1.48. Nguvu haizidi farasi 64, ila hiyo ni kwa makubaliano ya watengenezaji, siyo sheria. Alto yao, Wagon R, Mira, Every, zote ziko humo. Na kirikuu zetu, zile pikapu ndogo za mizigo, ndizo hizo hizo. Hapa Morogoro kirikuu inapakia magunia ya mpunga, matofali, kitanda na kabati la bibi harusi, na hakuna anayehoji injini yake. Injini ileile ukiiweka kwenye gari la abiria mmoja na mkoba, watu wanaguna.

Mimi nasema tatizo ni heshima. Mtu akishuka kwenye kigari mbele ya ofisi anaona ameshuka hadhi. Kwa hiyo anaghairi safari akiona picha ya gari, na wewe umeshatembea kilomita mbili kumfuata. Weka hilo kwenye hesabu ya Mzee wa Tazara.

#14 Kijana wa Sinza

Kweli, mimi ni mmoja wao. Niliita usafiri nikaona kiberiti kinakuja, nikaghairi. Rafiki yangu ana kilo 110, akikaa mbele kigari kinalala upande wa kushoto kama kinakata kona.

#15 Mkazi wa Goba

@Kijana wa Sinza watu wa kilo hizo nawapeleka Bunju na kuwarudisha, na wananipa nyota tano. Ukighairi wewe, ni mimi niliyechoma mafuta kukufuata. Lete hoja, kaka.

#16 Nyakato Juu

@Kirikuu Moro, kirikuu inapanda kwa gia namba moja, dereva anachagua mwenyewe, na gunia haliombi AC. Teksi ni automatiki. Njoo Mwanza upandishe kilima cha Bugando na abiria wanne saa nane mchana. Tunazima AC, gari linapanda huku linalia, abiria anafungua kioo, na nyota zinapungua palepale. Dar ni tambarare ndiyo maana mnabishana. Huku kwetu cc 996 na watu wanne ni mateso ya injini.

#17 Fundi Shokapu

Nyakato kagusa AC. Hilo lina uzito hata Dar. Kompresa ya AC inadai nguvu ileile karibu, iwe imefungwa kwenye injini kubwa au ndogo. Kwa hiyo injini ndogo inatoa sehemu kubwa zaidi ya nguvu zake kuzungusha baridi. Ile kilomita 14 kwa lita ya #1 ni ya gari linalotembea. Kwenye foleni ya Tabata au Mwenge, AC ikiwa juu, Passo inashuka hadi 11.

#18 Hesabu Kali

Sawa, tuhesabu upya. Passo imeshuka 11, IST na yenyewe iko kwenye foleni ileile, iteremshe hadi 9. 120 kwa 11 ni lita 10.9. 120 kwa 9 ni lita 13.3. Tofauti ni lita 2.4, kubwa kuliko ile ya mwanzo. AC siyo tundu, fundi.

#19 Fundi Shokapu

Nani kakuambia IST inafika 9? Ina nguvu ya ziada, AC haiielemei hivyo. Iteremshe hadi 10. 120 kwa 10 ni lita 12. Tofauti inabaki lita 1.1, ambayo ni kama 3,300. Zaidi ya nusu ya elfu saba imeyeyuka kwenye AC.

#20 Hesabu Kali

Nani kapima 10?

#21 Fundi Shokapu

Nani kapima 9?

#22 Mama wa Gari Mbili

Poleni kwa ubishi. Mimi ni mmiliki, nina Passo moja na IST moja, zote kwa madereva. Passo nimetoa kwa mkataba, dereva akimaliza inakuwa yake. IST ni ya hesabu ya wiki.

Kwa upande wangu faida ya kigari kidogo haiko kwenye mafuta hata kidogo, maana mafuta anaweka dereva. Iko kwenye bei ya kununulia. Passo niliipata kwa hela iliyo chini sana ya IST, kwa hiyo hesabu ninayodai ni ndogo, na dereva ana nafasi ya kupumua. Yule wa Passo hajawahi kulaza hesabu, yaani kushindwa kuileta. Wa IST analaza mara kwa mara na kila siku ana sababu.

Ndugu wa Goba, wewe na kaka yako mkisema mwezi umeisha mko sawa, je, mmeondoa ile hela mliyotoa kununulia? Kama kaka alitoa zaidi yako na mnabaki na kitu kilekile, basi wewe ndiye uliyeshinda. Gari linachakaa, lazima utenge.

#23 Mkazi wa Goba

Asante mama. Hapo umenifumbua macho upande mmoja, maana madaftari yetu yote mawili hayana ukurasa wa bei ya gari. Ila kaka atasema IST ikifika siku ya kuuza inashikilia bei. Passo yangu ikishajulikana ilikuwa teksi, mnunuzi anakuja na bei ya huruma.

#24 Kijana wa Sinza

Kingine, gari la chini ya cc 1,000 halilipiwi ushuru, ndiyo maana ni rahisi.

#25 Mdau wa Bandari

Hapana. Kinachokuwa sifuri ni ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1,000 ni asilimia 0, juu ya hapo hadi 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya 2,000 ni asilimia 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 upo palepale, VAT asilimia 18 ipo palepale. Na kuna ule ushuru wa uchakavu: gari likizidi miaka 8 tangu litengenezwe unaongezewa, likizidi 10 unaongezewa zaidi. Passo ya 2008 ukiiagiza leo inabeba huo mzigo wote sawa na IST ya 2004. Tofauti ya kodi kati ya cc 996 na cc 1,298 ni hiyo asilimia 5, siyo mlima kama mnavyodhani. Kenya wao gari la zaidi ya miaka 8 haliingii kabisa, ndiyo maana teksi zao ni mpya kuliko zetu na mikopo yao ni mikubwa kuliko yetu.

Na angalia, Passo ipo pia ya cc 1,297. Mtu anaona kigari anadhani kinapona asilimia 5, kumbe hakiponi.

#26 Mkenya wa Rongai

Hapo kwa umri umesema kweli.

#27 Dereva wa Kijichi

Mnaacha jambo kubwa. CVT, ile automatiki isiyo na gia za kuhesabu. Passo giaboksi yake ni CVT, oili yake maalumu ni ghali, ukiweka ya kubahatisha giaboksi inakufa na faida ya mwaka inaondoka siku moja.

#28 Fundi Shokapu

Passo zilizotoka kuanzia 2010 ndizo zenye CVT. Ya 2008 ni automatiki ya kawaida ya gia nne. Na injini yake ni ya cheni, haina mkanda wa taimingi wa kukukatikia njiani. Kwa gari la kazi, hiyo ya 2008 naipenda kuliko mpya yake.

Ila oili ya kubahatisha inaua zote, hapo tuko pamoja.

#29 Mfuatiliaji

Naona hakuna aliyetaja kamisheni ya mtandao. Mnakumbuka Machi 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipopanga nauli elekezi na kushusha kamisheni hadi asilimia 15? Aprili mwaka huo Uber wakasimamisha huduma Tanzania. Mwisho wa mwaka LATRA ikaruhusu kamisheni hadi asilimia 25, na Januari 2023 wakarudi. Katikati ya hayo petroli Dar ilikuwa imepanda hadi 3,410 kwa lita, bei kikomo ya EWURA, wasimamizi wa nishati, ya Agosti 2022.

Kamisheni inakatwa kwenye nauli nzima, siyo kwenye faida. Robo ya nauli inaondoka kabla hujagusa mafuta. Ukiingiza elfu themanini, elfu ishirini imekwenda. Mbele ya elfu ishirini, elfu saba ya mafuta ni kitu gani? Mnatafuta sindano wakati ukuta umeanguka.

#30 Hesabu Kali

Lakini kamisheni inakatwa kwa IST vilevile. Swali la mleta mada ni kwa nini analingana na kaka yake. Kinachowaumiza wote kwa kiwango kimoja hakielezi tofauti.

#31 Mfuatiliaji

Kinaeleza kwa nini tofauti haionekani. Kikibaki kidogo, yule aliyepata tripu moja nzuri amekuzidi, haijalishi gari.

#32 Baharia wa Tanga

Nimefika Antananarivo. Mji wa vilima kushinda hata Mwanza ya @Nyakato Juu, barabara za mawe, na teksi zake za rangi ya krimu kwa miaka yote zimekuwa Renault 4 na Citroën 2CV. Hiyo 2CV injini yake ni cc 602, na kiwanda kiliacha kuitengeneza 1990. Zinapanda vilima na watu wanne. Polepole, lakini zinapanda.

Siri yake nilivyoiona ni kwamba hakuna mkopo juu ya gari. Limeshalipwa zamani, fundi wa mtaani anamjua kila nati, spea inachongwa. Dereva anabaki na mafuta na matengenezo tu. Linganisha na zile Alto za Nairobi, mpya na zina deni. Vyote ni vigari vidogo lakini maisha ya dereva ni tofauti kabisa.

Mexico City nako walikuwa na teksi za Volkswagen ya kobe. Kwa kuwa ilikuwa na milango miwili, waling'oa kiti cha mbele cha abiria ili watu waingie nyuma kwa urahisi, na mabegi yanakaa hapo palipong'olewa kiti. Serikali ya jiji ikadai milango minne, leseni za mwisho zikaisha 2012.

#33 Binti wa Salasala

Kung'oa kiti cha mbele nimekipenda. Kingetatua shida yangu ya mabegi.

#34 Mdau wa Bandari

Ukaguzi haupiti hapa, dada. Gari limesajiliwa lina viti vitano.

#35 Gesi Tu

Mnazunguka mbuyu. Fungeni gesi. Gesi asilia inauzwa kwa kilo, kama 1,500 na ushee, na kilo moja inakupeleka mbali kuliko lita ya petroli. IST ya gesi inaishinda Passo ya petroli kwa mbali sana, na ukubwa wa injini unaacha kuwa hoja. Naona kaka mtu amefunga gesi kimyakimya.

#36 Nyakato Juu

Gesi iko Dar na jirani zake. Sisi Kanda ya Ziwa tujaze wapi?

#37 Kijana wa Sinza

Na mtungi unakaa kwenye buti. Buti la Passo lenyewe begi moja. Ukifunga gesi, abiria wa mabegi umemuaga.

#38 Gesi Tu

Abiria wa Passo hana begi, someni #3.

#39 Mzee wa Tazara

Na foleni ya kujaza? Wakati wa asubuhi, tripu zinapokuwa nzuri, wewe uko kwenye msururu wa gesi. Saa mbili za msururu ni tripu tatu au nne. Hizo nazo ni mafuta, kijana, ila hazionekani kwenye risiti.

#40 Gesi Tu

Mzee, vituo vinaongezeka. Na wajanja tunajaza usiku.

#41 Kaka wa IST

Mdogo wangu kanitumia huu uzi. Ndiyo mimi. Gesi sijafunga.

Nimesoma yote na nina machache. Natoka saa kumi alfajiri, yeye anatoka saa moja akishapeleka watoto shule. Alfajiri barabara ni tupu, gari linatembea gia ya juu, AC ya nini na upepo upo. Hiyo IST yangu asubuhi inakwenda hata 13 kwa lita. Ikifika saa tatu, foleni zikikaza, narudi nyumbani kulala, natoka tena saa kumi jioni. Yeye anakaa katikati ya foleni mchana kutwa kwa sababu anajiambia "gari langu halili". Anachukua hata tripu ambazo mimi nazikataa. Gari kutokula kunamfanya asione hasara ya muda.

Pili, mzee wa #8 kasema kweli, nasubiria upande wa uwanja wa ndege.

#42 Mkazi wa Goba

Shikamoo kaka. Sikutegemea ungekuja kunianika huku. Ila hizo tripu fupi unazozikataa wewe ndizo zinazonipa chakula cha mchana, na zikifika jioni zimejaza mafuta ya kesho. Nikizikataa mtandao unashusha alama zangu za kukubali, na siku ya pili naona naletewa tripu chache.

#43 Kaka wa IST

Marahaba. Kubali zile ambazo abiria yuko ndani ya kilomita moja tu. Nyingine acha.

#44 Fundi Shokapu

Kaka wa IST, hiyo 13 kwa lita ya alfajiri umeipima vipi? Umejaza tenki hadi juu, ukatembea, ukajaza tena? Au umeangalia mshale?

#45 Kaka wa IST

Naweka ya elfu ishirini ishirini, naona inanifikisha wapi.

#46 Fundi Shokapu

Basi hujapima. Mdogo wako alete Passo na wewe lete IST, sheli moja, tenki zote zijazwe hadi juu, mtembee njia moja siku moja. Nipo Tandika, siwatozi.

#47 Mama wa Gari Mbili

Na dereva wangu wa IST nitamleta, fundi. Huyo nataka nijue anachoma kiasi gani, maana kila wiki ananiambia gari linakula.

#48 Nyakato Juu

Pimeni na kilima, hata cha Kimara tu.

#49 Hesabu Kali

Na mpime mkiwa na abiria wanne, AC ikiwa juu. Mkipima mkiwa watupu mtaleta namba za brosha ya Japani.

#50 Dereva wa Kijichi

Wanne mtawatoa wapi? Mimi na @Kijana wa Sinza tupo, mleteni na yule wa kilo 110. Nafasi moja iko wazi.